Wazee wa Mtondoo

Nchi hii haipo, na msomaji asiisumbue ramani kuitafuta. Iliitwa Shwari, na kwa kuwa si kwetu tunaweza kuisema bila kushusha sauti. Kwetu redio husema kweli na maji ya bomba hayana neno. Mambo ya Shwari yalikuwa mengine.

Kila siku mchana, redio na televisheni za nchi hiyo, ambazo zilikaa jengo moja na kula sufuria moja, zilisoma taarifa ya habari. Habari ya kwanza ilikuwa kwamba Mlezi wa Taifa ameamka. Ya pili ilieleza ameamkaje. Zikafuata habari za nje, nazo zilikuwa za mafuriko, wizi na njaa katika nchi za watu, ili Mshwari awahurumie majirani na kusahau kwake. Mwisho ilikuja hali ya hewa, ambayo Waziri wa Habari na Utulivu aliitia saini kabla haijasomwa. Mvua iliyonyesha bila kutangazwa ilikuwa mvua ya wapinzani, na aliyeonekana na mwavuli siku hiyo aliulizwa alijuaje.

Watu waliisikiliza taarifa hiyo kama wanavyolisikiliza jokofu linalonguruma jikoni. Kilichowakalisha karibu na redio ni kile kilichofuata, yaani matangazo ya vifo. Hapo ndipo Shwari nzima ilipotulia kweli. Kinyozi aliinua wembe shingoni mwa mteja akangoja. Muuza samaki aliacha kufukuza nzi. Maana kifo kilikuwa habari pekee ambayo Serikali haijaigusa. Hata mawaziri hufiwa, na waziri naye hupenda watu wajae msibani kwake. Tena desturi ya Washwari ilikuwa ngumu kuliko sheria. Redio ikisema "habari ziwafikie fulani na fulani, popote walipo", na wewe ni mmoja wao, unakwenda. Huna nauli, unatembea. Asiyekwenda, siku yake ikifika angejizika mwenyewe.

Aliyesoma matangazo hayo aliitwa Sikudhani binti Mbwana, msichana mwenye haya, ambaye akitaka kuongezewa sukari kwenye chai pale kantini aliona heri ainywe hivyo hivyo. Alisomea utangazaji chuoni akafaulu kila kitu isipokuwa kufoka. Habari za Mlezi husomwa kwa kifua, na yeye alikuwa na koo tu. Wakampa marehemu, wakidhani wamemwadhibu.

Yeye akawapenda. Akiona jina asilolijua, aliwapigia simu wafiwa kuuliza linatamkwaje, kwa sababu mtu akikosewa jina siku hiyo hatapata siku nyingine ya kurekebishiwa. Mara nyingi alitoka studio macho yamevimba.

"Siku, mwanangu," alimwambia Mzee Chande, fundi mitambo aliyekaa upande wa pili wa kioo, "unawalilia watu usiowajua. Ukifiwa kweli utalia na nini?"

"Nitaazima kwako, baba."

"Mimi yangu yaliisha zamani. Nafanya kazi redioni."

*

Mwaka huo Mlezi wa Taifa aliwapelekea maji watu wa Mtondoo, ambako Mwajabu, mdogo wake Sikudhani, alikuwa ameolewa. Wahandisi walishauri maji yachotwe mtoni, juu ya kiwanda cha ngozi. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Mlezi, naye hakupenda watu wapitepite juu yake. Basi maji yakachotwa chini ya kiwanda, karibu kabisa na pale kinapotapikia. Visima vya zamani vikafukiwa ili bomba lisijione lina mshindani.

Siku ya ufunguzi Mlezi alifungua koki mwenyewe. Maji yalitoka na rangi ya chai kavu, lakini watazamaji wa televisheni hawakuiona, kwani fundi wa picha alikuwa ameagizwa aongeze buluu. Mlezi alinawa vidole, akafutwa kwa kitambaa, kisha akanyweshwa maji ya chupa. Watoto wa shule wakaimba. Waliimba juani kwa muda mrefu, na walipomaliza walikuwa na kiu.

Haukupita muda matangazo kutoka Mtondoo yakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja, na hakuna aliyeshangaa. Akafuata mpwa wake, kisha mtoto wa jirani, kisha mapacha. Wote, waliandika wafiwa, waliharisha na kutapika. Sikudhani aliwasoma kama walivyokuja. Kinyozi akiwa na wembe wake hewani akamuuliza mteja, "Hivi Mtondoo kuna nini?" Na mteja, ambaye alikuwa mtu wa usalama, akaenda kulipeleka swali hilo ofisini kabla hajamaliziwa upande wa pili wa kichwa.

*

Waziri Mapambo, yule wa Habari na Utulivu, aliitisha kikao. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kufungulia makongamano, na hata akiomba chumvi mezani alianza na "Ndugu zangu".

"Ndugu zangu," alisema, "mtu hafi kwa maendeleo. Anaweza kufa kwa kuyakosa, na hao tunawajua, walikufa wakati wa utawala uliopita. Sasa hawa wa Mtondoo wanafia nini?"

Daktari Mkuu wa Serikali alisimama. "Mheshimiwa, tusiseme kipindupindu. Kipindupindu huuliza maji yametoka wapi. Malaria nayo huuliza mbu wametoka wapi. Mimi napendekeza uzee. Uzee hauulizi kitu."

Ikapitishwa. Ikapitishwa pia kwamba ile methali ya mficha maradhi iondolewe kwenye vitabu vya shule, mpaka hali itakapotengemaa.

Sikudhani alikuwa ameitwa akae karibu na mlango apokee maelekezo. Aliinua mkono.

"Mheshimiwa, wengine ni watoto."

Waziri alimtafuta aliyesema, akampata. "Binti, watoto si ndio taifa la kesho?"

"Ndio, Mheshimiwa."

"Basi hawa wa Mtondoo wamewahi kufika kesho. Tuwapongeze."

Akanyamaza kupumua, na mezani wakapiga makofi, kwa kuwa Waziri akinyamaza hupigiwa makofi.

Kisha Bwana Lukindo, Mkurugenzi wa Sauti ya Shwari, akaongeza la kwake ili naye aonekane alikuwapo. Kila tangazo kutoka Mtondoo limalizikie kwa ushauri huu: wakazi wanywe maji ya bomba kwa wingi ili kujikinga na uzee.

*

Simu za Mtondoo zikakatwa ili uvumi ukose nauli. Sikudhani aliomba ruhusa aende kumwona mdogo wake. Bwana Lukindo akamwambia kwa upole, "Ukienda nani atatusomea? Wewe wanakuamini. Mwingine akisoma watadhani ni habari."

Kwa hiyo njia ya kumfikia Mwajabu ilibaki moja tu, nayo ilipita kwenye mdomo wake mwenyewe. Mwajabu alikuwa na binti wa miaka minne, Semeni, aliyemwita Sikudhani "mama wa redio" na kuchungulia nyuma ya spika kumtafuta. Kila mchana, sasa, mama wa redio alimwambia anywe.

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Msinywe.

"Baba Chande," aliuliza siku moja kabla taa nyekundu haijawaka, "nikisema kitu kisichoandikwa itakuwaje?"

"Natakiwa nikukate."

"Utanikata?"

Mzee Chande aligusa swichi kana kwamba anaifuta vumbi. "Nina wajukuu, Siku."

Taa ikawaka. Akasoma kama ilivyoandikwa. Mtoto wa miezi saba, uzee. Akamalizia na ule ushauri, akaenda chooni akafungua bomba ili asisikike.

*

Mwajabu alikuja mwenyewe. Sehemu alipakiwa na lori la mkaa, sehemu alitembea, na alipofika dirisha la kupokea matangazo miguu yake ilikuwa ya rangi ya barabara. Bwana Lukindo siku hizi alikaa dirishani mwenyewe, kwa sababu matangazo ya Mtondoo hayakuachiwa karani mdogo.

"Jina la marehemu?"

"Semeni Athumani."

"Umri?"

"Miaka minne."

Bwana Lukindo aliandika "uzee" bila kuinua kichwa. "Pole sana, mama. Alikula chumvi nyingi."

"Kandambili alikuwa bado anazigeuza," Mwajabu akasema. "Ya kulia kushoto."

"Ndivyo walivyo. Wazee hurudi utotoni."

Sikudhani alikuwa akipita ukumbini na chai yake aliposikia sauti hiyo. Kikombe alikiweka wapi, hakujua tena. Alimkuta mdogo wake amesimama wima, hana hata chozi, na hilo lilimtisha kuliko kilio.

"Dada," Mwajabu akasema, "mimi nilikuwa nimeanza kuyatilia shaka. Yana harufu. Nikasema nitamkingia ya mvua, hata kama ni ya wapinzani. Halafu nikakusikia. Nikasema, aa, huyu ni Dada Siku, huyu hawezi kunidanganya. Nikamjazia kikombe."

Chuo kilimfundisha Sikudhani la kusema mitambo ikiharibika, mgeni akichelewa, Mlezi akikohoa hewani. Hili hakikulifundisha.

"Tumeshamzika," Mwajabu akaendelea. "Nimekuja kutangaza ili baba yake asikie. Yuko mashamba ya mkonge, sijui shamba lipi. Soma wewe, Dada. Mwingine hatamwamini."

*

Mchana ule Mlezi aliamka kama kawaida. Nchi za watu zilifurika. Hali ya hewa ilitiwa saini. Kisha taa nyekundu ikawaka upande wa Sikudhani, naye akaanza kwa ile sauti yake ndogo ambayo kinyozi aliinulia wembe.

"Mwajabu binti Mbwana wa Mtondoo anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe, Semeni Athumani, miaka minne. Hakufa kwa uzee. Hakuna mtoto aliyekufa kwa uzee Mtondoo, na nyote mnaonisikiliza mnajua, na waliotuandikia tuseme hivyo wanajua, na mimi nilijua nikasema. Ameuawa na maji ya bomba lile, yanayochotwa chini ya kiwanda cha ngozi. Habari zimfikie baba yake, Athumani, popote alipo. Habari ziwafikie wote wa Mtondoo. Msinywe. Nilipowaambia mnywe nilikuwa nasoma. Sasa nasema."

Upande wa pili wa kioo Mzee Chande alikuwa na kidole juu ya swichi. Kanuni zilisema tangazo la kifo halikatwi bila idhini ya Mkurugenzi. Mzee Chande hakuwahi kuzijali kanuni hizo katika utumishi wake wote, lakini saa hiyo alizikumbuka zote, na vifungu vyake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka kwenda kutafuta idhini kwa mwendo wa bibi harusi.

Alipoipata, Sikudhani alikuwa amesharudia mara mbili, kwa faida ya waliochelewa kufungua.

*

Kikao cha pili kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu Waziri Mapambo hakupata pa kuwekea "Ndugu zangu".

Kumkanusha msichana haikuwezekana. Nchi nzima ilimwamini kuliko kalenda. Kumfukuza kazi kungekuwa kukiri kwamba alikuwa kazini. Daktari Mkuu ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema aliyesema maneno yale hawezi kuwa Sikudhani, iwapo Sikudhani alikuwa amekwisha kufa.

"Kwa nini?" Waziri akauliza.

"Uzee, Mheshimiwa."

Sikudhani aliisikia habari hiyo akiwa chumba cha mahabusu, ambako Sajini Ngwale alikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati. Ilisomwa kwa kifua.

"Sauti ya Shwari inasikitika kutangaza kifo cha mtangazaji wake mpendwa, Sikudhani binti Mbwana, aliyefariki dunia juzi kwa uzee akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Sauti iliyosikika jana ni ya mhuni. Waziri Mapambo anatoa rambirambi zake. Mazishi yatafanyika nyumbani kwa mdogo wake, Mtondoo. Habari ziwafikie ndugu, jamaa, marafiki na wasikilizaji wote, popote walipo."

Mtondoo ilichaguliwa kwa kuwa ni mbali na mjini, lakini hayo ya mwisho hakuna aliyeyakusudia. Aliyeandika tangazo alikuwa Bwana Lukindo, na mkono wake, kwa mazoea ya kupitisha vifo vya watu, ulimalizia wenyewe kama mkono wa mpishi unavyotupia chumvi. Waziri alilikagua. Alisoma mpaka pale jina lake lilipotajwa, akaridhika, hakuona sababu ya kuendelea.

Sajini Ngwale alizima televisheni akamgeukia mahabusu wake.

"Dada, hapa pana tatizo. Mimi nimeandikiwa nina mtu mmoja. Hawa wanasema ni marehemu. Marehemu hawakai kwangu, wanakaa hospitali."

"Niende hospitali?"

"Nenda popote. Ila tukikutana njiani usinisalimie. Nina moyo mwepesi."

*

Shwari haikuwahi kuona msiba kama ule. Waliosikia habari zikiwafikia wote popote walipo walijitazama, wakaona kweli wako popote, wakaondoka. Walikuja kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu. Vinyozi walikuja, wauza samaki walikuja. Kutoka mashamba ya mkonge lilikuja gari zima, na ndani yake Athumani, baba yake Semeni. Wanaume walibeba majembe, kwani Shwari kaburi huchimbwa na wageni. Mfiwa hashiki udongo.

Walimkuta marehemu kwenye mkeka, amekaa na mdogo wake.

"Pole na msiba wako, mwanangu," bibi mmoja akamwambia. "Tumekuja kukuzika."

"Asante, bibi. Karibuni. Msinywe maji."

"Tumebeba ya kwetu. Tulikusikia."

Waziri Mapambo naye akafika, na redio na televisheni zikiwa mubashara, kwa kuwa umati mkubwa namna hiyo hauwezi kuachwa bila kuhutubiwa. Alisifu maisha ya marehemu. Alisema Mlezi wa Taifa ameguswa. Alipomaliza akaamuru wachimbaji waanze kazi.

"Tumchimbie nani?" mmoja wao akauliza. "Si yule pale anatusikiliza?"

"Ndugu zangu, yule si marehemu. Marehemu amefariki."

"Basi tuonyeshe maiti."

Waziri akamgeukia Bwana Lukindo, Bwana Lukindo akamgeukia Daktari Mkuu, na Daktari Mkuu, kwa kukosa mtu wa nyuma yake, akageukia miti. Hapo Mwajabu akainuka kwenye mkeka.

"Mheshimiwa anataka makaburi," alisema. "Njoo nikuonyeshe wazee wetu."

Akatangulia. Umati ukamfuata, na kamera ikaufuata umati, kama ilivyofundishwa. Nyuma ya shule palikuwa na uwanja wa mpira uliokosa wachezaji. Makaburi yalianzia golini yakaja mpaka katikati. Udongo ulikuwa mbichi. Mawili matatu yalikuwa ya urefu wa mtu. Mengine yote yalikuwa mafupi, mafupi kabisa, na juu ya moja paliwekwa kandambili nyekundu, ya kulia kushoto. Athumani alipoziona alipiga magoti, akazigeuza, kisha akazirudisha zilivyokuwa.

"Wazee wenyewe hawa," Mwajabu akasema. "Chagua unayemjua umsomee hotuba."

Nchi nzima iliona. Hapakuwa na buluu ya kuongeza.

"Zima," Waziri alimnong'oneza mpiga picha.

"Hotuba ya Waziri haizimwi, Mheshimiwa, mpaka Waziri amalize."

"Nimemaliza."

"Hujasema 'asanteni kwa kunisikiliza'."

Waziri alijaribu kuyasema maneno hayo. Yalikuwa maneno yake ya kila siku, lakini alipotazama nyuso zilizomzunguka alisahau yanaanzia wapi. Akakiacha kipaza sauti kwenye nyasi akaelekea garini, akitembea kwanza, kisha akikimbia.

Hakuna aliyemfukuza. Wanaume walikuwa wanatazama kitu kingine. Kando ya uwanja bomba lilipita nusu limefukiwa, limepakwa rangi za bendera, likiziendea nyumba ambako kina mama, kwa kukosa kisima, walikuwa bado wanakinga ndoo. Kinyozi mmoja akatema mate viganjani. Akainua jembe.

Sikudhani alikiokota kipaza sauti. Hakuwa na karatasi, na hakuihitaji.

"Semeni Athumani," alisema. "Miaka minne. Maji."

Jembe la kwanza likashuka.

"Nunuu binti Sefu. Miaka miwili. Maji."

Likashuka la pili, na chuma kikalia redioni, katika kila nyumba.

"Mbaruku Kirobo. Miezi saba. Maji."

Akaendelea hivyo, bila kufoka, akiwapa kila mmoja jina lake na umri wake. Bomba lilikatika kabla majina hayajaisha.